Takriri ya Udongoni

Dai lililozoeleka vyuoni ni kwamba Kiswahili ni lugha ya ushairi, na kwamba maabara ina lugha yake. Dai hilo lilinikabili nyumbani dada yangu alipougua saratani ya matiti. Alikuwa akitiwa mshipani dawa nyekundu iitwayo doksorubisini. Mkojo wake ulipogeuka mwekundu, mama alidhani ni damu, akataka tiba ikomeshwe. Maelezo ya hospitali yalikuwa ya Kiingereza. Kazi ya kumfasiria ikaniangukia mimi.

Nilianza na udongo. Bakteria Streptomyces peucetius ilipatikana katika udongo wa karibu na ngome ya Castel del Monte, kusini mwa Italia. Ndani yake, vimeng'enya ndivyo mafundi. Huanza na kipande chenye atomi 3 za kaboni, kisha huongeza atomi 2 kwa mara 9, hadi mnyororo wa atomi 21 utimie. "Haba na haba," mama akadakiza. Sisi tungesema takriri. Vimeng'enya vingine huukunja mnyororo huo ukawa pete 4, vingine huubandika sukari. Hapo hupatikana daunorubisini, itumikayo hasa kwa saratani ya damu. Kimeng'enya cha mwisho huongeza atomi 1 tu ya oksijeni, ikawa doksorubisini, ambayo hutibu hata saratani ya matiti. Ni kama "ona" na "pona": sauti moja, maana nyingine. Na wekundu ule ni rangi ya dawa yenyewe.

Sikumficha ubaya wake. Dawa hujipenyeza katika DNA ya seli na kuizuia kujinakili, lakini huweza pia kuudhuru moyo. Tiba iliendelea, na mama akawa wa kwanza kuulizia kipimo cha moyo kila kliniki.

Erithromaisini, kiuavijasumu maarufu, nayo huundwa na vimeng'enya vya bakteria, vilivyopangwa mithili ya viambishi vya kitenzi: vituo 6, kila kimoja kikiongeza kipande chake na kukabidhi kinachofuata. Wanasayansi wamebadili baadhi ya vituo hivyo, wakapata molekuli mpya.

Basi, wanachama wenzangu, mofolojia tunayoisoma inatosha kuueleza ufundi huu. Tusiziache istilahi zilale kamusini ilhali kuna mgonjwa anayesubiri kuelewa kinachoingizwa mwilini mwake.