Kabla Redio Haijaupiga

Mpwa wangu alinikuta nasikiliza "Majirani Huzima Redio" wa Mlimani Park Orchestra. Wimbo ukamwingia. Akatoa simu yake, akauliza: "Mjomba, huu umo kwenye albamu gani? Ulitoka lini?" Nikamwambia haukuzaliwa kwenye albamu, na siku ya kutoka haukuwa nayo. Akaniangalia kama mtu anayefichwa jambo.

Hana kosa. Hakuna aliyemweleza kwamba nchi hii ilijaa bendi kubwa huku haina kiwanda cha santuri. Bendi ilikwenda Radio Tanzania Dar es Salaam, mashairi yakapitiwa na kamati, nyimbo zikarekodiwa, mkanda ukabaki maktaba ya redio. Mpenzi wa muziki hakuwa na duka la kwenda kuununua. Nyimbo zilizobahatika zilipelekwa Nairobi, zikarudi kwenye sahani ndogo za santuri, kibao kimoja kimekatwa vipande viwili, upande wa kwanza na upande wa pili, chemko, ile sehemu ya kasi ya kucheza, likiwa upande wa pili. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, hata sahani hizo zikawa adimu kwetu.

Kwetu ni Morogoro, mji kasoro bahari. Tulikuwa na jeuri yetu: Morogoro Jazz ilishafika Japani mwaka 1970, kwenye maonyesho ya Osaka, na Mbaraka Mwinshehe alikuwa mtu wa mji wetu hata baada ya kuondoka na kuunda Super Volcano. Lakini bahati yetu kubwa zaidi ilikuwa barabara. Bendi ya Dar ikienda Iringa au Dodoma ilipita kwetu. Ziara zilifuata mazao: wakulima wakilipwa pamba Usukuma, au korosho Mtwara, bendi zilifunga vyombo na kwenda huko zilikokwenda pesa. Zilizoelekea bara zilipiga kwetu njiani, hasa mwisho wa mwezi, mishahara ikiwa bado mifukoni. Mchana gari la matangazo lilizunguka mitaani, spika juu ya paa, likitaja ukumbi, kiingilio na mtindo. Mtindo ndio uliokuwa kitambulisho. Ukisikia Sikinde, umeshajua ni Mlimani Park. Ukisikia Msondo, ni Juwata. Ogelea Piga Mbizi ni Maquis.

Na humo ukumbini ndimo tulimosikia nyimbo ambazo redio ilikuwa bado haijazipata. Wiki kadhaa baadaye, bendi ikirudi kutoka bara, wimbo uleule ulikuwa umebadilika: ubeti umehama, tarumbeta zimeongezwa, chemko limerefushwa kwa sababu wachezaji wa huko walikataa kukaa. Sisi tuliusikia ukikua. Ukija kupigwa redioni, tayari tulikuwa na maoni juu yake, na mara nyingi tuliona ule wa ukumbini ulikuwa mtamu zaidi.

Wasiokuwa na kiingilio walikuwa na Fundi.

Alitengeneza redio kwenye kibaraza kimoja karibu na soko. Harufu ya kibaraza kile ninayo mpaka leo: risasi ikiyeyuka kwenye kifaa cha kulehemu, na spiriti aliyochovyea pamba kusafisha kichwa cha redio kaseti. Asubuhi alianika betri juani zipate uhai wa siku moja zaidi. Kazi yake halisi, tuliyomheshimia, ilikuwa kunasa nyimbo. Vipindi vya salamu vikianza alinyamazisha kibaraza kizima. Kidole kilikaa juu ya kitufe, akimsubiri mtangazaji amalize majina ya wasalimiwa. Mtangazaji akiongea juu ya gitaa la kuanzia, Fundi alifuta na kusubiri siku nyingine. Hakukubali kumpa mteja wimbo uliokatwa kichwa. Kaseti ikijaa alivunja vile vijino viwili vya nyuma ili mtu asirekodi juu yake. Wengine tuliziba matundu kwa karatasi ya gundi, tukarekodi, na akigundua alikasirika kwelikweli.

Alikuwa na daftari. Kila wimbo ulikuwa na mstari wake: bendi, mtunzi, waimbaji, nani kapiga solo, nani kapiga ridhim, na tarehe aliyousikia kwa mara ya kwanza. Hakuandika jina la mpiga solo mpaka apate watu wawili waliokuwa ukumbini. Makondakta wa mabasi ya Dar walikuwa mashahidi wake wakubwa, maana Jumapili walikuwa wamekwenda kumbi za DDC Kariakoo au Amana, na Jumatatu walikuwa kwetu na habari mbichi: nani kahama, bendi gani ina vyombo vipya, ziara inakwenda wapi. Baadaye nililinganisha tarehe nilizonakili humo na zile zilizochapwa kwenye santuri. Hazikulingana, nami sikuhangaika tena. Yeye aliandika siku wimbo ulipotufikia, na kwa mpenzi wa muziki hiyo ni tarehe kamili.

Januari 1979 habari ya ajali iliyomuua Mbaraka kule Mombasa ilipofika, kibaraza kilijaa watu waliotaka kuambiwa si kweli. Na mwaka 1985, Muhidin Gurumo na wenzake walipotoka Mlimani Park kwenda Orchestra Safari Sound, ukaanza mtindo wa Ndekule, palikuwa na ubishi ambao ungedhani ni wa Simba na Yanga. Fundi hakubishana. Alifungua ukurasa mpya.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwimbaji Hemed Maneti alifariki 1990, mwimbaji mwenzake Marijani Rajabu 1995. Redio binafsi zilianza miaka hiyohiyo, Bongo Fleva ikachukua vijana, kibaraza kikawa duka la vocha. Mwimbaji TX Moshi William alifariki 2006, Gurumo 2014. Kumbi nyingi ni maghala sasa. Bendi inayotunga wimbo mpya leo huombwa ule wa zamani kabla haijamaliza kuupiga, na jambo hili linaniumiza. Msondo na Sikinde hawakuwahi kuwa makumbusho. Walikuwa bendi za nyimbo mpya.

Nakiri simu imeleta kheri. Mikanda niliyodhani imeoza naisikia sebuleni, tena safi. Lakini anayepandisha nyimbo hizi mtandaoni anaandika jina la bendi tu, na mara nyingi silo. Nyimbo za Ndekule zinaitwa Sikinde kwa sababu tu sauti ni ya Gurumo. Sauti ilihama, lakini magitaa mengine yalibaki nyuma, na ndiyo yanayosema ukweli. Michael Enoch, ambaye wanamuziki wenzake walimwita Ticha, alipanga muziki wa Mlimani Park, na jina lake silioni popote chini ya nyimbo hizo. Mpiga gitaa Joseph Mulenga simuoni. Mwenzake Abel Balthazar simuoni. Fundi aliwaandika wote kwa kalamu ya wino, mstari kwa mstari, bila kulipwa na mtu. Mwenye simu na nafasi isiyo na kikomo anashindwa nini? Aandike mtunzi, aandike waimbaji, aandike mpiga solo, na asiyemjua awaulize waliokuwa ukumbini, kwa sababu wengine bado tupo.