Doa Lisiloonekana Mpaka Ulitafute



Leo sina darsa. Nina kisa changu mwenyewe, na ndani yake mna faida kwa yeyote anayetaka kununua au kuuza kamera iliyotumika.

Madrasa yetu hapa Buyenzi, Bujumbura, ilikuwa na kamera moja ya zamani, ya aina ile ya kubadilisha lenzi. Mfadhili mmoja alitupa miaka mingi iliyopita, nasi tukaitumia kupiga picha za mahafali na za watoto waliohitimu juzuu zao. Mwaka jana kamati iliamua iuzwe, kwa kuwa simu zinatosha kwa shughuli zetu, na pesa zinunue mabenchi. Watoto wa darasa la chini walikuwa wanakaa juu ya mkeka uliotoboka. Kazi ya kuuza nikapewa mimi.

Mnunuzi akapatikana bila kutafutwa. Ni kijana anayesoma kwangu darasa la jioni, na alitaka kujitafutia riziki kwa kupiga picha harusini. Alikuwa amekusanya faranga laki sita, kidogo kidogo, kwa kibarua cha gereji. Akaniambia, "Ustadh, mimi kamera siijui. Nakuamini wewe."

Neno hilo lilinizuia usingizi. Nilikumbuka kwamba katika picha tulizopiga ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, juu ya anga, kulikuwa na kidoa cha kijivu. Siku zote nilidhani ni ndege wa mbali, au lenzi imechafuka. Lakini ndege hawezi kukaa mahali pamoja katika picha za siku mbalimbali.

Ndani ya kamera, nyuma ya lenzi, kuna kibamba kidogo kinachopokea nuru. Mafundi hukiita sensa. Katika kamera kama yetu ukubwa wake ni kama milimita 23 kwa 15. Mbele yake pana kioo chembamba, na vumbi likiingia wakati wa kubadilisha lenzi hutua juu ya kioo hicho. Na ninyi mnalijua vumbi letu la kiangazi. Kamera nyingi za siku hizi hukitikisa kioo hicho ili vumbi lidondoke, mtindo ulioanza na kamera ya Olympus E-1 mwaka 2003. Yetu haikuwa nao.

Asubuhi nikaipima. Njia yenyewe ni rahisi, hata mtoto wa sekondari anaiweza. Nilibana tundu la lenzi mpaka namba 22, maana katika kamera namba kubwa ndiyo tundu dogo. ISO nikaiweka 100. Nikazima ule ulengaji wa kamera yenyewe, nikaivuruga lenzi kwa mkono ili picha itoke na ukungu. Kisha nikaielekeza kwenye anga tupu, mbali na jua, nikapiga huku nikiisogeza taratibu. Kutikisika hakudhuru kitu, kwa sababu vumbi limeganda mahali pake na linakwenda pamoja na kamera. Asiye na anga nyeupe atumie karatasi nyeupe isiyo na mistari.

Kwa nini tundu dogo? Nuru inayopita kwenye tundu dogo huja nyembamba, na kivuli cha vumbi huanguka wazi. Tundu likiwa pana, nuru hutoka pande nyingi na kivuli hufifia mpaka usikione.

Nilipoikuza picha kwenye kompyuta nilihesabu madoa saba. Sita yalikuwa ya mviringo, ya kijivu, yenye kingo zilizofifia. La saba lilikuwa refu kama unywele. Nikabadilisha lenzi, nikapiga tena. Madoa yakabaki palepale, basi nikajua hayakuwa ya lenzi.

Nikafanya na kipimo cha pili. Nilifunika lenzi kwa kifuniko chake, nikapiga picha ya giza ya sekunde 30. Ilitakiwa itoke nyeusi tupu. Ikatoka na vijinukta vitatu, viwili vyekundu na kimoja cha buluu. Hivyo si vumbi, ni sehemu za sensa yenyewe zilizochoka. Huonekana zaidi kamera ikipata joto na picha ikichukua muda mrefu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoona haya ya nafsi yangu. Jambo la kwanza lililonijia halikuwa kumwambia yule kijana. Nilijisemea: harusi nyingi hupigwa picha ukumbini usiku, na huko tundu la lenzi hufunguliwa wazi. Hatayaona. Tena pesa si zangu, ni za madrasa, na watoto wanakaa chini.

Na wiki ileile, darasani, nilikuwa nafundisha mlango wa biashara, mas'ala ya khiari ya kasoro: mnunuzi aliyeuziwa kitu chenye aibu iliyofichwa ana haki ya kukirudisha. Nilikuwa nimewasimulia habari ya muuza chakula sokoni, ambaye Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo lake akakuta umande chini na ukavu juu. Yule kijana alikuwa mstari wa mbele, anaandika.

Nilimweleza mama watoto. Aliendelea kuchagua mchele, kisha akasema, "Baba watoto, akimpeleka bibi harusi ziwani mchana akaona madoa, akaja kukuuliza, utamwambia hukujua?"

Sikuwa na jibu.

Kijana alipokuja nilimwonyesha picha ya anga kabla ya salamu kwisha. Nilimhesabia doa moja moja, na vile vijinukta vitatu. Alinyamaza muda mrefu. Nilidhani ataondoka. Akauliza, "Yanasafishika, Ustadh?"

Tukajaribu pamoja. Tulijaza betri kwanza, kwa sababu ikiishiwa katikati ya kazi, pazia la ndani laweza kujifunga likagonga chombo ulichoshika. Tukatumia sehemu ya kusafishia iliyomo kwenye kamera, tukaielekeza chini, tukapuliza kwa kipulizio cha mpira cha mkono. Usipulize kwa mdomo, mate yatakuongezea doa. Na jambo moja la kukumbuka: picha ndani ya kamera hukaa kichwa chini, kwa hiyo doa la juu kwenye picha lipo chini ya sensa unapoitazama kwa mbele.

Manne yalitoka. Matatu yaling'ang'ania, tukampelekea fundi mwenye dawa na vitambaa vyake. Akatoa mawili. Lile refu halikutoka, kwa sababu lilikuwa mkwaruzo. Nikashusha bei, akalipa laki nne.

Kwenye kamati mzee wetu mmoja hakufurahi. Alisema, "Mwalimu, kitu kilichotumika kila mtu anajua kina kasoro. Umetupunguzia mabenchi." Sikumlaumu. Lakini hata kampuni kubwa hubanwa na jambo hili. Nikon walitoa kamera ya D600 mwaka 2012, wanunuzi wakalalamikia madoa kwenye sensa, na mwaka 2014 kampuni ikatangaza kuzikagua, kuzisafisha na kubadilisha pazia bila malipo, hata kwa ambao muda wa dhamana yao ulikuwa umekwisha. Ikiwa tajiri yule alirudi nyuma kurekebisha, mimi mwenye mnunuzi mmoja, ninayeonana naye kila jioni, ningejificha wapi?

Tulipata mabenchi matatu badala ya matano. Mpaka leo watoto wa safu ya nyuma wanakaa mkekani, na sitasema kuwa jambo hilo haliniumi. Linaniuma kila nikiingia darasani.

Yule kijana sasa anapiga picha za harusi. Anajua mkwaruzo uko wapi na huufuta kwenye kompyuta kabla ya kumkabidhi mteja. Juzi alikuja na rafiki yake aliyetaka kununua kamera ya mtu, wakaniomba karatasi nyeupe. Nikamwona anambania tundu mpaka 22, anamwambia, "Piga, halafu tuikuze. Usimwogope muuzaji, na muuzaji mwema hataudhika."

Wazazi, mkimnunulia kijana wenu kamera iliyotumika, pigeni picha mbili tu kabla ya kutoa pesa, moja ya weupe na moja ya giza. Na mkiwa ninyi wauzaji, pigeni hizohizo mbili, kisha mumwonyeshe mnunuzi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullah.