Kuingilia Bomet, kutokea Kericho

Wakazi wengi wa Nairobi wanaozuru Kericho hushika njia ya Nakuru, wakapinda Mau Summit, kisha wakarudi kwa njia iyo hiyo. Familia yenye siku mbili inaweza kuzunguka: iingilie Narok na Bomet, itokee Kericho na Londiani. Njia yote ni ya lami.

Ukiteremka Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, simama penye kanisa dogo kando ya barabara. Lilijengwa mwaka wa 1942 na mateka wa vita wa Kiitalia waliokuwa wakitengeneza barabara hiyo.

Ukishapita mashamba ya ngano ya Narok, utavuka Mto Amala huko Mulot na kuingia Bomet. Mjini Bomet unapita Mto Nyangores, ambao maporomoko yake huko Tenwek huipa umeme hospitali ya misheni iliyo karibu. Wanafunzi wa jiografia wakumbuke kwamba mito hii miwili ndiyo inayokutana kuwa Mto Mara.

Ukifika Kaplong, pinda kulia. Kutoka Kapkatet hadi Litein utaona chai ya wakulima wadogo: vipande vya shamba vilivyopakana na mahindi, ng'ombe wa maziwa na nyumba za wenyewe. Lakini ukikaribia Kericho, mandhari hubadilika. Majani mabichi yanatandaa kama mkeka hadi upeo wa macho, bila boma la mtu. Hayo ni mashamba ya makampuni, yaliyoanza kupandwa katika miaka ya 1920 na kampuni kama Brooke Bond.

Mjini kuna mengi ya kutazama. Kanisa la mawe la Holy Trinity na Tea Hotel, iliyojengwa na Brooke Bond, ni kumbukumbu za walowezi wa miaka ya 1950. Hekalu la Masingasinga linamuenzi Baba Puran Singh, aliyeishi hapa kabla ya kuhamia Uingereza. Kanisa kuu la Katoliki la Sacred Heart, lenye paa refu linalopanda kama mlima, lilifunguliwa mwaka wa 2015.

Hata hivyo, msomaji, majengo hayo hayasimulii kisa chote. Kabla ya chai, nchi hii ilikuwa malisho na makao ya Wakipsigis. Mwaka wa 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwahamisha malaiboni wa ukoo wa Talai, waliohofiwa kwa ushawishi wao. Wazee, akina mama na watoto walipelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, mahali palipojaa mbung'o na malaria. Waliosalia walirejea mwaka wa 1962, na wengi wao hawakupata ardhi.

Madai yao hayajazimika. Mwaka wa 2022 wawakilishi wa Wakipsigis na Watalai waliishtaki Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mwaka wa 2023 Mfalme Charles alieleza masikitiko yake jijini Nairobi kuhusu maovu ya ukoloni, lakini hakuomba radhi. Mwaka huohuo, vijana wa Kericho walichoma mashine za kuchuma chai wakisema zinawanyima kazi. Kwa hiyo swali la nani anafaidi ardhi hii lingali hai.

Ondoka Kericho asubuhi, kwa maana mvua hupenda kunyesha alasiri na barabara huteleza. Uwe mwangalifu zaidi penye makutano ya Londiani, ambapo lori lililopoteza mwelekeo Juni 2023 liliua zaidi ya watu 50, wengi wao wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara.

Wazazi, msiwaonyeshe watoto chai pekee. Mkipata mzee Mkipsigis aliye tayari kuzungumza, msalimuni kwa heshima, kaeni naye, na mumwulize babu zake walichunga wapi. Jibu lake halimo katika ramani ya barabara.