Nyoosha picha ya twiga, lakini usiyafute maghorofa

Wahenga walinena kwamba penye miti hapana wajenzi. Ni wakazi wangapi wa Nairobi wanaopita kwa matatu katika barabara ya Lang'ata kila siku bila kukumbuka kwamba ng'ambo ya ua kuna simba na vifaru? Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1946, ikiwa ya kwanza humu nchini. Ina ukubwa wa kilomita mraba 117, na kutoka katikati ya jiji hadi huko ni mwendo wa kilomita 7 hivi tu.

Ukiipeleka familia yako huko Jumapili moja, bila shaka utabeba simu au kamera. Na bila shaka jioni, mkisharudi nyumbani, mtazitazama picha na kusikitika. Twiga aliyewapendeza watoto amekuwa mweusi kama kisiki. Mbingu iliyokuwa ya samawati imekuwa nyeupe kama shuka.

Usife moyo, msomaji. Jicho lako huona mwangaza wa mbingu na giza la kichaka kwa wakati mmoja. Kamera haina uwezo huo. Ikiihudumia mbingu, kichaka huzama gizani. Kuirekebisha picha basi ni kuirudishia kile ulichokiona. Simu nyingi za siku hizi zina programu ya kazi hiyo, na huhitaji kununua nyingine.

Kabla ya lolote, tengeneza nakala ya picha na ufanyie kazi nakala hiyo. Picha ya asili usiiguse. Nitakueleza baadaye kwa nini nasisitiza jambo hili.

Anza na mstari wa upeo, pale ardhi inapokutana na mbingu. Nyanda za Athi ni tambarare, na mstari huo ukilala upande, picha nzima huonekana kama inamwagika. Unyooshe. Kisha punguza kingo. Kama kuna kioo cha gari pembeni au tawi lisilo na kazi, likate. Mwachie mnyama nafasi kubwa zaidi upande anaoutazama, ili asionekane kama amegonga ukuta. Hata hivyo usikate kupita kiasi, kwani picha ikibaki kipande kidogo, ukiikuza itaonyesha chembechembe tu.

Sasa ingia kwenye mwangaza. Usiongeze mwangaza wa picha nzima, kwa maana mbingu itazidi kuwa nyeupe. Tafuta sehemu inayohusu vivuli, uvipandishe kidogo hadi madoa ya twiga yaonekane. Halafu teremsha ile inayohusu sehemu zinazong'aa, na huenda mawingu yakarudi. Nasema huenda, kwa sababu sehemu iliyoungua ikawa nyeupe kabisa haina cha kurudisha.

Mwisho ni rangi, na hapa ndipo wengi hupotea. Nyasi za mbuga hiyo mwezi wa Agosti huwa zimekauka, rangi yake hudhurungi. Ukizigeuza zikawa kijani kibichi kama majani ya chai ya Kericho, umeacha kurekebisha, umeanza kubuni. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ongeza rangi kidogo, weka simu kando, unywe chai, kisha urudi uitazame tena. Mara nyingi utaipunguza.

Mimi mwenyewe niliwahi kuteleza. Nilipiga picha ya twiga akiwa amesimama peke yake, na nyuma yake maghorofa ya jiji. Usiku ule niliona maghorofa yananiharibia picha. Programu ya simu ilinipa njia ya kufuta kitu kwa kidole, nami nikayafuta moja baada ya jingine hadi ikabaki mbingu tupu. Nikafurahi, nikaihifadhi juu ya ile ya asili.

Siku moja mwanangu alihitaji picha ya safari ile kwa kazi ya shuleni. Alikuwa ameketi kando yangu garini siku hiyo. Aliitazama kwa muda, kisha akauliza, "Mama, hapa ni wapi?" Nilipomjibu, alitikisa kichwa. "Hapa siko. Kule kulikuwa na maghorofa." Sikuwa na picha nyingine ya kumwonyesha.

Hata wakubwa wameteleza. Mwezi wa Februari 1982, jarida la National Geographic la Marekani lilizisogeza piramidi za Giza, nchini Misri, ili zitoshee kwenye jalada lake. Lililaumiwa vikali, na hadi leo kisa hicho hutajwa wapiga picha wanapojadili mahali pa kuweka mpaka.

Naam, leo katika mbuga yetu utaona pia nguzo ndefu za daraja la reli mpya, ambayo treni zake za abiria zilianza kupita humo mwaka 2019. Yawezekana hazikupendezi. Ziache. Miaka 30 ijayo watoto wako watataka kujua mbuga hii ilikuwaje, jiji lilikuwa limefika wapi na twiga alikuwa amebakiwa na nafasi gani. Picha yako itakuwa shahidi, na shahidi hafundishwi uongo.

Jambo moja tu ndilo ninalokusihi ulifiche. Simu inaweza kuandika ndani ya picha mahali hasa ilipopigwa. Ikiwa umempiga kifaru, ondoa alama hiyo kabla ya kuwatumia marafiki, maana huwezi kujua picha itafika kwa nani. Majangili nao wana simu.

Haya, Jumapili ijayo hiyo. Lango liko pale pale Lang'ata.