Lisbon kwa Mtu wa Kilwa

Ukitaja safari ya Ulaya vijiweni kwetu, wote watakwambia London au Paris. Mimi nasema, ukipata nafasi nenda Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Najua nauli si mchezo. Mimi nililipiwa na dada yangu anayefanya kazi huko, nikakaa siku nne mwaka 2023. Lakini kwa mtu wa Pwani, hasa mzaliwa wa Kilwa kama mimi, mji ule una mambo yake.

Tuanze na tumbo. Ukikaa tu mgahawani, huenda ukaletewa mkate, zeituni na jibini kabla hujaagiza kitu. Ndugu yangu, hiyo si takrima! Ukila utalipa, kama huna haja, mwambie mhudumu arudishe. Samaki wanayemtukuza ni bacalhau, wa chumvi na aliyekaushwa. Aliyezoea papa mkavu hatashangaa. Utaona pia chamuça, ndiyo sambusa yetu ileile, ila Mwislamu aulize kwanza ni nyama gani. Na usiondoke bila kuonja vikeki vya maziwa na mayai vya Belém, vinavyookwa pale tangu mwaka 1837.

Lugha isikutie hofu. Asubuhi sema bom dia. Kushukuru, mwanamume husema obrigado, mwanamke obrigada. Kisha utagundua kumbe Kireno kidogo unakijua: mesa ni meza, bandeira ni bendera, vinho ni mvinyo, lenço ni leso. Lililonikaa moyoni ni igreja. Kwao ni kanisa, kwetu limekuwa gereza. Pale Kilwa Kisiwani, ngome iliyoanzishwa na Wareno mwaka 1505 inaitwa Gereza hadi leo. Lugha nayo ina kumbukumbu zake, bwana.

Mji wenyewe ni vilima vitupu, na njia zake ni za vijiwe vinavyoteleza, kwa hiyo vaa raba. Vichochoro vya Alfama vitakukumbusha Mji Mkongwe wa Unguja. Tramu namba 28 panda mapema asubuhi, na mkono usitoke mfukoni, maana vibaka wapo. Tazama pia kanisa la Carmo, ambalo halina paa tangu tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755.

Halafu panda tramu namba 15 uende Belém. Ndani ya kanisa la monasteri ya Jerónimos kuna kaburi la Vasco da Gama. Watalii wanapiga picha, wanatabasamu. Mimi nilisimama kimya. Mwaka 1502 mtu huyu alifika Kilwa na merikebu za mizinga, akamlazimisha sultani wetu kulipa kodi ya dhahabu.

Dhahabu hiyo iko wapi? Dada alinipeleka Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale. Humo kuna chombo cha ibada cha Kikristo, Custódia ya Belém, alichokiagiza Mfalme Manuel wa Kwanza kikamalizika mwaka 1506. Kimetengenezwa kwa dhahabu ya kodi ile. Mitume 12 wadogo wamepiga magoti, kazi ya mikono ya ajabu, siwezi kusema uongo. Chini kwenye kitako kumeandikwa maneno ya Kireno cha kale, na katikati yake nikaona jina la Kilwa.

"Dada," nikamwita, "hapa wameandika kwetu."

Akainama, akasoma taratibu. "Mdogo wangu, miaka sita niko hapa, wala sikujua."

Nikatoa daftari nikanakili neno lile moja. Watu wengine wanarudi na picha za mnara. Mimi nilirudi na jina la nyumbani.

Basi, ushauri wangu wa mwisho. Kabla ya kwenda, uliza kama makumbusho yako wazi, maana Jumatatu hufungwa. Lakini kabla hata ya kuulizia viza, panda mashua pale Kilwa Masoko uvuke kwenda Kisiwani. Ukaone Msikiti Mkuu na kuba zake, ukaone Husuni Kubwa. Ujue dhahabu ilitoka kwenye nyumba ya namna gani, ndipo uende ukaitazame ilikowekwa. Usiende kushangaa tu. Nenda kama mtu anayejua mali ya babu yake.