Kuziba Ufa na Kuficha Ufa

Wahenga walituachia neno kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Tumeifundishwa methali hiyo tangu utotoni, nasi huikariri bila kuitafakari sana. Mimi niliielewa nikiwa tayari mtu mzima, mwenye karakana ndogo hapa Mikelenge, na niliielewa kwa aibu. Niligundua kwamba kuna kuziba ufa, na kuna kuficha ufa. Ukizitazama kwa mbali, kazi hizo mbili hufanana.

Yeyote akaaye Kindu anajua jinsi vipuri vinavyotufikia kwa taabu. Treni ya kutoka kusini hungojewa kwa siku nyingi, barabara ya upande wa Bukavu ni ya matope, na ndege ni ghali. Kwa sababu hiyo hatutupi chuma ovyo. Kifaa kilichochakaa katika nchi nyingine huanza maisha ya pili mikononi mwetu.

Miaka 9 iliyopita nilipata, katika mzigo wa vipuri vilivyokwisha tumika, kulasi ya Toyota Celica. Kulasi ni kichwa cha injini: ndicho kinachofunika silinda kwa juu, hubeba valvu, na hupitisha maji ya kupoza. Celica ni gari la michezo, lakini toleo lile lilitumia injini ya 4A-FE, yenye lita 1.6 na valvu 16, ambayo ilifungwa pia katika Corolla na Carina za watu wa kawaida. Nilijua kwamba dereva yeyote wa Carina angeihitaji.

Nilipoiosha kwa petroli niliona, kati ya viti viwili vya valvu katika silinda ya tatu, mstari mwembamba kama uzi wa buibui. Kulasi hiyo ni ya alumini, na alumini ikipata joto hutanuka takriban mara 2 kuliko chuma cha injini kilicho chini yake. Gari likiishiwa maji katika rejeta, na dereva akaendelea kukanyaga mafuta, kulasi hupinda au hupasuka. Hii ilikuwa imepasuka. Nilikuwa nimeilipia dola 90. Hasara ilikuwa yangu, nami nikaamua iwe ya mwingine. Nikajaza ufa kwa gundi ya chuma, nikasugua kwa msasa, nikapuliza rangi ya fedha juu yake.

Mnunuzi alikuwa dereva wa Alunguli, ng'ambo ya mto, aliyenizidi umri, nami nilimwita yaya kama ilivyo desturi yetu. Aliigeuzageuza, kisha akaniuliza swali moja tu: “Mdogo wangu, hii ni nzima?”

Nikamjibu: “Yaya, hii imetoka katika gari la mbio.”

Litazameni jibu langu. Halikuwa na neno hata moja la uongo, na lote lilikuwa uongo. Akanilipa dola 150, akaifunga katika gunia, akavuka Lualaba kwa mtumbwi akiwa ameipakata kama mtoto aliyetoka hospitalini.

Wiki ya tatu alirudi na gunia lile lile. Gari lilikuwa limezimika katika barabara ya Kalima, likitoa moshi mweupe, na mafuta ya injini yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, kwa kuwa maji yalikuwa yamepenya ndani. Abiria walilala njiani. Gari hilo ndilo lililowalipia watoto wake karo, na wawili kati yao walikuwa wamekwisha rudishwa nyumbani.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira yake. Lakini alisema: “Mdogo wangu, nisamehe. Nadhani sikuangalia maji vizuri. Nimeiharibu mashine yako nzuri.”

Nami nikamwambia: “Pole, yaya. Hutokea.”

Nimetenda makosa mengi maishani, lakini sijui kama lipo linalonichoma kuliko maneno hayo mawili. Kumwuzia kitu kibovu kulikuwa wizi wa fedha. Kumwacha ajilaumu kwa kosa langu kulikuwa wizi wa kitu kingine, ambacho hakihesabiki kwa dola.

Alasiri hiyo alikuwapo mzee mmoja, fundi mstaafu wa reli, ambaye alipenda kukaa kivulini pa karakana yangu. Aliyasikia yote. “Mwanangu,” akaniambia, “leta mafuta ya taa na chaki.” Akaipaka kulasi mafuta ya taa, akangoja, akaifuta mpaka ikakauka, kisha akainyunyizia unga wa chaki ya ubaoni. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yakaanza kupanda polepole, na katika weupe ule ukatokea mstari mweusi. Njia hiyo ni ya kale: tangu mwishoni mwa karne ya 19 mafundi wa reli waliitumia kutafuta nyufa katika ekseli na magurudumu, kabla ya kuwapo mitambo ya leo. Mzee akakwangua mstari ule kwa ncha ya msumari, akatoa chembe ya gundi iliyoungua, akaiweka kiganjani.

“Huu ufa,” akasema, “kuna mtu aliyeuona kabla yetu.”

Hakunitazama. Nadhani alifanya hivyo makusudi, ili kama nitasema, niseme kwa hiari yangu. Njia ya kutokea ilikuwapo: ningeweza kumsingizia aliyeniuzia, naye alikuwa mbali. Nikasema: “Yaya, aliyeuona ni mimi.”

Kukiri kulichukua pumzi moja. Kurekebisha kulichukua miezi 5. Nilirudisha dola 150, lakini hazikutosha, kwa sababu maji yaliyochanganyika na mafuta yalikuwa yamekwisha kula beringi zinazobeba mhimili wa injini. Niliuza pikipiki yangu. Nikanunua kulasi nyingine na beringi mpya, na nikalipa karo ya muhula ule. Faida ya dola 60 ilinigharimu zaidi ya dola 400.

Mzee alisimamia kazi yenyewe. Alinifundisha kulaza rula ya chuma juu ya uso wa kulasi na kujaribu kupitisha chini yake kijibati cha milimita 0.05, karibu unene wa unywele mmoja. Kikipita, kulasi imepinda na haifai kufungwa hivyo. Tulisugua valvu katika viti vyake, tukamimina mafuta ya taa juu yake ili kuona kama zinavuja. Mwishowe tukakaza bolti 10, tukianzia katikati na kwenda nje, kwa hatua 3. “Ukimaliza upande mmoja kwanza,” mzee alisema, “unakipinda kile ulichokuja kukinyosha.”

Ilibaki kulasi iliyopasuka. Mimi nilitaka kuitupa mtoni. Nilikuwa nikiamini, kama wengi, kwamba kitu kilichotengenezwa ni kitu kilichopungukiwa heshima. Baadaye nilisoma jambo lililonishangaza: kulasi za baadhi ya magari ya michezo ya Toyota, kuanzia 2000GT ya mwaka 1967, zilibuniwa kwa ushirikiano na kampuni ya Yamaha. Na mwanzilishi wa kampuni hiyo, Torakusu Yamaha, alianza safari yake mwaka 1887, alipoitwa katika shule moja ya mji wa Hamamatsu, Japani, kutengeneza kinanda kilichoharibika. Sifa ya gari la mbio niliyojivunia katika uongo wangu ina mzizi katika kinanda kibovu na mtu aliyekubali kukitengeneza.

Kwa shauri la mzee tuliipeleka kulasi Bukavu kwa mchomeleaji mwenye mtambo wa gesi ya arigoni, ambao alumini huuhitaji. Ilirudi baada ya miezi 2 ikiwa na kovu nene. Nilipochukua kopo la rangi, mzee alinishika mkono. “Liache,” akasema. “Kovu ni ushahidi kwamba mgonjwa alitibiwa.” Niliiuza kwa dola 70. Kabla ya mnunuzi kuuliza bei, nilimwonyesha kovu, nikampa mafuta ya taa na chaki, nikamwacha aipime mwenyewe. Mstari haukutokea. Aliichukua, na gari lake bado linatembea.

Wapendwa vijana, wengi wenu mmeingia au mtaingia katika biashara ndogondogo: simu zilizotumika, pikipiki, nguo, mafuta ya mawese. Kila kitu kilichotumika kina ufa wake, na hakuna aibu kuuza kitu chenye kasoro iliyotajwa na bei inayolingana nayo. Mtihani wetu hauko katika ufa. Uko katika dakika ile mnunuzi anapouliza, “Hii ni nzima?” Ndivyo ilivyo pia tunapoulizwa nyumbani, shuleni, au na yule tunayetaka kufunga naye ndoa. Katika kikundi chenu, jiulizeni: je, nina jibu ambalo kila neno lake ni kweli, na lote ni uongo? Na je, kuna mtu anayejilaumu leo kwa kosa langu?

Mzee amekwisha lala katika amani. Kopo lake la chaki liko bado kwenye rafu, karibu na mlango. Yule yaya wa Alunguli huvuka mto kuja kununua kwangu, jambo ambalo sikulistahili. Tunasalimiana, tunaulizana habari za watoto, tunacheka. Kisha, kabla ya kutoa fedha, hunyoosha mkono na kuchukua chaki. Sijawahi kumwambia kwamba hakuna haja.