Silaha ya Kuaminika

Katika mji wa Matai, makao makuu ya wilaya ya Kalambo, alikuwako mwalimu mmoja mstaafu aliyeingiwa na fikira ya kununua bastola. Fikira hiyo haikutokana na ugomvi wala kisasi. Alikuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma, ghala la mahindi na maharage, mke mwenye subira, na wajukuu watatu waliolelewa chini ya dari yake. Kila mwaka mavuno yalipouzwa, na fedha zikalala ndani usiku mmoja au miwili kabla ya kupelekwa Sumbawanga, usingizi ulimpaa. Juu ya hayo alikuwa mtu wa kuwaza mbali. Zamani, alipokuwa akifundisha kando ya Ziwa Tanganyika, aliwaona watu wa Kongo waliovuka maji kuikimbia vita ya mwaka 1996; watu waliokuwa na nyumba na maghala kama lake, na ambao sasa walikuwa na sufuria moja kwa jamaa nzima. Tangu siku hizo hakusadiki tena kuwa amani ni kama mvua ya Novemba, ambayo hata ikichelewa hufika. Alitaka silaha ya siku mbaya: itakayolala sandukuni miaka ishirini, na siku ikiitwa, iitike.

Mwenye haja hakosi washauri. Askari mstaafu, rafiki yake wa mchezo wa bao, alimsifia rivolva. Alieleza kuwa bastola hiyo ina kitundu kwa kila risasi katika kibweta kinachozunguka, na kwamba risasi moja ikikataa kulia, mtu huvuta tena kifyatulio, ikaja ya pili pasipo kufungua wala kusukuma kitu. Tena hukaa na risasi zake miaka mingi bila springi ya magazini kukazwa. Mfanyabiashara mmoja wa alizeti alikuwa na rai nyingine. Yeye alisema rivolva ni chombo cha wazee. Bastola ya magazini hubeba risasi maradufu, ni nyembamba kiunoni, hujazwa upesi, na ile iliyoundwa vyema hustahimili vumbi kuliko watu wanavyodhani. Wote wawili walisema kweli. Nchi ya Ufipa iko juu, na hali yake huvijaribu vyuma kwa zamu: toka Juni hadi Oktoba upepo na vumbi, kisha masika yenye unyevu unaotia kutu hata bawaba za milango. Silaha isiyopanguswa na kutiwa mafuta huko huharibika, iwe ya kuzunguka au ya magazini.

Lakini washauri hawa walizungumza juu ya mwili wa silaha, wakasahau tumbo lake. Bunduki hula risasi, na isiyolishwa ni kipande cha chuma tu. Ushahidi wa jambo hilo haukuwa mbali na mlango wa mwalimu. Kusini mwa Matai, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, uko mji wa Mbala, ulioitwa Abercorn katika siku za Waingereza. Huko, tarehe 25 Novemba 1918, jemadari von Lettow-Vorbeck aliweka chini silaha za jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki, siku kumi na nne baada ya vita kwisha Ulaya. Askari wake wengi walianza vita mwaka 1914 na bunduki za mtindo wa mwaka 1871, zenye kupiga risasi moja moja kwa baruti nyeusi, ambazo kila zilipolia zilitoa wingu la moshi na kumwonyesha adui mahali pa kulenga. Njia ya bahari ilizibwa na manowari za Waingereza, na meli mbili tu zilizopenya ndizo zilizoleta shehena ya vita. Basi jeshi hilo lilijilisha kwa adui: Tanga mwaka 1914 lilipata bunduki na risasi za Waingereza, na Ngomano, kando ya Ruvuma, tarehe 25 Novemba 1917, lilipata za Wareno. Siku ya kusalimu amri huko Abercorn, mwaka mmoja kamili baada ya Ngomano, zilihesabiwa bunduki zaidi ya 1,000, nazo zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Bombomu zilikuwa 37, na katika hizo 30 zilikuwa za Kiingereza. Bora ya silaha, katika miaka minne ya dhiki, ilikuwa ile ambayo risasi yake iliweza kupatikana. Uzuri wa kiwanda ulikuwa jambo la pili. Huko Mbala husimuliwa kuwa nyingi katika silaha hizo zilitoswa katika ziwa dogo la Chila. Juu ya wapagazi, waliokufa kwa makumi ya maelfu wakibeba vyakula na risasi za pande zote mbili, husimuliwa machache zaidi.

Mwalimu alilijua jambo hili kwa njia nyingine pia, maana baba yake alikuwa na gobore. Silaha hiyo ilikuwa na historia inayostahili kutajwa. Mataifa yaliyokutana Brussels yalipatana mwaka 1890 kuwa bunduki za kisasa zizuiwe kuingia katika sehemu kubwa ya Afrika, na wenyeji waachiwe gumegume na baruti ya kawaida. Walisema ni kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa, na neno hilo lilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini pia liliwafaa sana waliokuwa wakija kutawala. Hata hivyo zawadi hii ya unyonge ilikuwa na fadhila yake. Gobore hula baruti, na vipande vyovyote vya chuma vinavyopita katika kasiba; likivunjika, mhunzi hulitengeneza. Na Ufipa ilikuwa nchi ya wahunzi. Tanuri zao ndefu za udongo wa kichuguu, zilizoitwa malungu, zilipita kimo cha mtu, nazo ziliyeyusha mawe ya chuma kwa makaa pasipo mivuo, kwa hewa iliyojivuta yenyewe kupitia mirija ya udongo chini. Kisha chuma kikasafishwa katika tanuri ndogo yenye mivuo. Magofu yake yangali yakionekana katika nyanda hizo. Kutoka humo yalitoka majembe na mikuki, na majembe yakawa ndiyo sifa ya nchi.

Baba alipofariki, gobore lilibaki limetundikwa ukutani katika chumba cha nyuma, bila kibali, kama kitu cha ukumbusho. Mwaka 2022 Serikali ilipotoa muda wa msamaha kwa watakaosalimisha silaha wanazomiliki kinyume cha sheria, mwalimu alilifunga katika gunia akalipeleka. Aliyelipokea alitia mdeki mtutuni, naye mdeki ukakataa kufika chini. Liliposafishwa ilitoka baruti iliyoganda, na marisaa, na kitambaa cha kushindilia. Kwa miaka ishirini na sita lilikuwa limeshindiliwa, na wajukuu watatu walilala chini yake. Baruti hiyo pengine ilikuwa imekufa kwa unyevu. Pengine haikuwa. Mwalimu alirudi nyumbani kwa miguu ingawa nauli alikuwa nayo, na jioni ile hakumwambia mkewe kitu. Alimwambia baada ya mwezi, naye mkewe alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama kuta nyingine zilikwisha kutazamwa.

Ndiyo sababu maombi ya bastola yalichelewa. Sheria ya silaha ya mwaka 2015 humtaka mwombaji awe na leseni, na leseni hutolewa kwa mtu, wala haitolewi kwa nyumba. Mwenyewe akifa, silaha hairithiwi kama ng'ombe. Mwalimu alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Alikaa mezani akahesabu: silaha ya miaka ishirini, mlinzi wa miaka kumi ikiwa Mungu atapenda, na mjukuu mkubwa mwenye miaka kumi na minne, mwepesi wa hasira. Rafiki yake wa bao alipokuja kuuliza amechagua ipi, ya kuzunguka au ya magazini, alijibiwa kwa swali: funguo za sanduku zitakaa kwa nani?

Mwaka huo mavuno yalipouzwa, fedha zilipelekwa Sumbawanga siku ile ile, kwa basi la mchana. Karatasi za maombi zimo katika mtoto wa meza, zimejazwa jina na mahali pa kuzaliwa tu.